Fumbo la mnazi lilivyosukwa

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa ushairi hukariri tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, inkisari na mazida. Muulize maana, atakujibu bila kusita. Muulize mshairi alifaidi nini kwa kuchagua sitiari akaiacha tashbihi, atakwama. Utamu wa fani hii umo katika swali hilo la pili, na shairi la Abdilatif Abdalla, "Mnazi: Vuta N'kuvute", linalijibu vizuri.

Abdilatif alifungwa mwaka 1969 kwa uchochezi, kutokana na waraka wake "Kenya: Twendapi?". Mashairi aliyotunga gerezani, akiyaandika kwenye karatasi za chooni, yalitoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Humo, Alii na Badi wanajibizana juu ya mnazi: nani mwenye haki nao? Wahakiki wengi wameuona mnazi huo kuwa ndiyo Kenya.

Tazama njia zilizokuwa mbele yake. Angesema nchi ni kama mnazi, ingekuwa tashbihi: "kama" inaviweka vitu viwili bega kwa bega, na msomaji anaviona vyote. Angesema nchi ni mnazi, ingekuwa sitiari, yenye nguvu zaidi, ila nchi bado ingetajwa. Yeye akaiondoa nchi yenyewe. Ukabaki mti na wawili wanaougombea, na kila hoja inayotolewa juu ya mti ikawa inasikika pia juu ya nchi. Hilo ndilo fumbo, na si kazi rahisi: likiponyoka neno moja la siasa, pazia limeanguka.

Majibizano nayo yamemsaidia. Mombasa ilizoea malumbano ya kishairi tangu enzi za Muyaka bin Haji, karne ya 19, kwa hiyo msikilizaji anajua kupima hoja za pande mbili bila mshairi kuingilia kati.

Hata kichwa cha shairi kina fani. "N'kuvute" ni "nikuvute" iliyodondoshwa irabu: inkisari. Kwa kawaida inkisari husifiwa kwa kutimiza mizani, kama "alokuja", yenye silabi nne, inavyoshika nafasi ya "aliyekuja", yenye tano. Lakini Abdilatif anatunga kwa Kimvita, na huko Mombasa watu hufupisha hivyo hata wakizungumza barazani. Kwa hiyo inkisari hiyo inawapa wagombanao sauti ya nyumbani kwao.