Tunamsifu Muyaka, tumemsahau Mwalimu Sikujua

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniuliza swali dogo lililonitoa jasho. "Prof, kama Muyaka alifariki mnamo 1840, na diwani yake ikachapishwa 1940, hayo mashairi yalikuwa wapi miaka yote hiyo mia?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana nimefundisha diwani hiyo miaka na mikaka bila kulijibu swali hilo darasani.

Aghalabu sisi wahakiki huzungumza kana kwamba umaarufu wa msanii hujisimamia wenyewe: kazi ikiwa bora itadumu, ikiwa dhaifu itakufa. Mambo hayaendi hivyo. Muyaka bin Haji alikuwa sauti ya Mombasa enzi za Wamazrui, akawatolea maneno makali maadui zao. Wamazrui walipoangushwa na Seyyid Said mwaka 1837, upande aliouimbia ulikwisha. Kwa kipimo cha siasa, jina lake lingezama nao. Halikuzama, kwa kuwa watu wa Mombasa waliendelea kuyatumia mashairi yake katika mafumbo, utani na mawaidha.

Lakini kumbukumbu ya mdomo nayo ina umri wake. Wazee huondoka na walichokihifadhi. Katika miaka ya 1880, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, msomi wa Mombasa, aliyakusanya na kuyaandika mashairi hayo kwa hati za Kiarabu. Alishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, aliyekuwa na hamu kubwa ya Kiswahili. Sikujua alifariki 1890. Taylor akarudi kwao, na karatasi zikaishia London. Hatimaye William Hichens akaihariri diwani, ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940. Mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake kuhusu Muyaka, na mshairi huyo akapata uhai wa pili vyuoni.

Sasa fungua tasnifu yoyote ya ushairi. Utaona "Hichens (1940)" kila baada ya kurasa mbili tatu. Sikujua hayumo, au yumo tanbihini.

Nisieleweke vibaya. Simwiti Taylor wala Hichens mwizi. Bila wao huenda karatasi zile zingeliwa na mchwa. Hoja yangu ni kwamba utaratibu wetu wa kurejelea humpa sifa aliyepeleka kitabu mtamboni, ukamnyima aliyekiokoa kabla hakijawa kitabu. Baada ya vizazi viwili, mtindo wa marejeleo hugeuka kuwa historia. Anayetajwa ndiye aliyekuwapo, na asiyetajwa ni kama hakuzaliwa. Na aliyeandika kwa mkono wake ndiye aliyeamua neno hili lisomweje, na ubeti huu uanzie wapi. Kumsahau ni kuusoma ushairi wenyewe nusu nusu.

Kabla sijawanyoshea wengine kidole, nikiri langu. Baada ya swali la yule kijana niliitoa rafuni tasnifu yangu ya uzamifu. Humo nimenukuu mafumbo na maelezo ya bibi mmoja wa Mji wa Kale aliyenikalisha barazani kwake alasiri nyingi, akinirekebisha kila nilipotafsiri ovyo. Uchambuzi ninaosifiwa kwao hadi leo, nusu yake ni wake. Nimemwandika vipi? "Mtoa habari, mwanamke, miaka 70 hivi." Basi. Hakuniomba nimfiche jina. Mimi nilipata shahada, na yeye akapata tarakimu. Ameshaenda zake, Mungu amrehemu, na wajukuu zake hawajui kwamba bibi yao alikuwa mhakiki.

Kwa hivyo nimebadilisha jambo moja katika kozi yangu. Anayenukuu diwani ya Muyaka lazima aeleze, kwenye matini na si tanbihini, kwamba imetokana na mkusanyo wa Mwalimu Sikujua. Na anayekwenda nyanjani atawauliza wazee kama wanataka majina yao yaandikwe, kisha ayaandike kwa ukamilifu.

Wengine watasema ni jambo dogo. Sawa, ni dogo. Lakini sifa hupotea kwa mambo madogo kama haya. Jina la Mwalimu yule lisiwe udhuru wetu, kila tukiulizwa tukajibu: sikujua.