Kidole Mezani

Mwalimu wetu wa Kiitaliano hapazi sauti. Hugonga meza kwa kidole. Neno ni capito. Akigonga silabi ya kwanza, mtu anasema natokea. Akigonga ya kati, jambo limeeleweka. Akigonga ya mwisho, jambo lilitokea zamani, na hapo tu ndipo maandishi huweka alama: capitò. Kwingine msomaji aamue mwenyewe.

Ni darasa la jioni, Casa Italiana, kando ya kanisa la Holy Rosary jijini Washington. Kilichonishinda ni telefonano, wanapiga simu. Ulimi wangu ulikimbilia na, silabi ya pili kutoka mwisho, kama ulivyozoea tangu utotoni. Mwalimu hakunikatiza. Alinirudisha kwenye telefono, napiga simu, akagonga le, akangoja nikae nayo sawasawa. Kisha akaniongezea silabi moja tu mkiani, kidole kikiwa palepale: te-LE-fo-na-no. Silabi tatu zikafuata nyuma ya mkazo bila kuuvuta. Jioni ile alilirudia zoezi hilo kwa kila mmoja wetu, kwa upole uleule wa mwanzo.

Ng'ambo ya Mto Potomac, Arlington, chuo cha kuwafunza wanadiplomasia wa Marekani kwa miaka mingi kimekadiria wiki 24 kwa Kiitaliano na 36 kwa Kiswahili. Kwa mkazo peke yake, ningeligeuza kadirio hilo. Kwetu pika huwa pikia, pikia huwa pikiana, na kila neno linaporefuka mkazo husogea nalo, hauachwi nyuma. Yanayokaidi ni machache, kama barabara ya kusema sawasawa, isiyotamkwa kama barabara ya magari.

Siku moja mwalimu akaniuliza sisi tunagonga wapi. Nikamwambia alikula. Shina ni la tu, na li ya wakati uliopita haikubali kubeba mkazo, ndiyo maana ku hubaki iubebe. Lakini simba akimpata swala, tunasema alimla: ku imeondoka, mbebaji mwingine amefika. Nikagonga: a-li-M-la. Kidole kikatua juu ya m, silabi kamili isiyo na irabu.

Akasogeza kiti karibu, akaniomba nigonge tena, polepole.