Mwache Akosee

Ukifika Illasit, mpakani na Tanzania, Mlima Kilimanjaro ukiwa umekuinamia, utakuta jaribio la kwanza la sayansi la mtoto wa hapa huwa la maharagwe. Makopo mawili, udongo ule ule, maji kiasi kile kile. Moja dirishani, jingine kabatini. Baada ya siku kadhaa mche wa kabatini umerefuka kuliko mwenzake, lakini mwembamba, umepauka.

"Mwalimu, mbona wa gizani ndio mrefu?"

"Wewe waonaje?"

Hapo ndipo ninapompa mwalimu huyu hongera. Jibu analo, ila halitoi. Na kazi ngumu zaidi iko kwa wazazi: baba anataka kumlipa fundi amtengenezee mtoto mradi wa sayansi, mama anataka kuandika bango la mradi huo mwenyewe. Mwalimu huwaambia kwa upole, "Mama, mwache akosee."

Kajiado, kaunti ya Illasit, ina ushahidi kwamba kukosea hufunza. Richard Turere wa Kitengela alitaka kuwakinga ng'ombe wa babake na simba. Alijaribu moto, ukashindwa. Akasimamisha sanamu ya mtu, simba wakaizoea. Ndipo, akiwa na miaka 11, akaunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola na indiketa ya pikipiki, taa zikawa zinamulika na kuzima usiku kucha. Mwaka 2013 aliieleza kazi hiyo Marekani, kwenye jukwaa la mihadhara la TED.

Mzazi mwenzangu, mwanao akiomba kopo tupu jioni ya leo, mpe.