Luther Kijana na Jeraha la Kipaji: Tathmini ya Kitabu cha Erik Erikson

Utangulizi

Wahenga walisema, "Akili nyingi huondoa maarifa." Methali hii husikika katika vyuo na sharika zetu kila mara kijana mwenye kipaji cha pekee anapokosa usingizi, anapojitenga au anapolia bila sababu. Watu hutikisa vichwa wakisema kuwa amesoma mno. Wasomi wa Ulaya na Marekani nao wana imani inayofanana na hiyo: kwamba mwenye kipaji kikubwa hana budi kuwa na jeraha rohoni, na jeraha hilo ndilo chemchemi ya kipaji chake. Kwetu sisi Walutheri, imani hiyo ilibisha hodi kwa kitabu cha Erik H. Erikson, Young Man Luther, kilichotolewa mwaka 1958. Katika makala haya tunakusudia kukipima kitabu hicho kwa swali moja: je, taabu ya moyo ndiyo iliyomzaa Mtengenezaji wa Kanisa?

Hoja ya Erikson

Erikson (1902–1994) alizaliwa Ujerumani, akajifunza saikolojia mjini Vienna kwa wafuasi wa Freud, kisha akahamia Marekani mwaka 1933. Hakupata kumjua baba yake mzazi, kwa hiyo swali la kijana anayeuliza "Mimi ni nani?" kwake halikuwa swali la vitabuni tu.

Anaanza na kisa cha Luther kuanguka chini katika kanisa la watawa huko Erfurt, akipaza sauti kuwa si yeye, wakati Injili ya kijana mwenye pepo ikisomwa. Hapo anajenga hoja yake. Hans Luther, baba mkali aliyeinuka kwa kazi ya machimbo ya shaba, alitaka mwanawe awe mwanasheria. Tarehe 2 Julai 1505 mwana alishtushwa na radi karibu na Stotternheim, akaweka nadhiri, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameingia utawani. Hofu yake kwa baba wa duniani ikawa hofu kwa Baba wa mbinguni. Alipolitatua tatizo hilo kwa ajili ya nafsi yake, asema Erikson, aliwatatulia na watu wengi wa kizazi chake.

Hatuna budi kukiri ubora wa kazi hii. Kabla yake, daktari Paul Reiter wa Denmark alikuwa amemchora Luther kama mgonjwa wa akili. Erikson hafanyi hivyo. Anamsikiliza Luther akisali, na anaisoma kwa makini mihadhara yake ya kwanza juu ya Zaburi. Mchungaji anayetaka kuwaelewa vijana atafaidika na kurasa hizo.

Udhaifu wake

Udhaifu wa kwanza ni ushahidi. Kisa cha kuanguka kanisani kilienezwa na Cochlaeus, adui mkubwa wa Luther, katika kitabu cha mwaka 1549, Luther akiwa amekwisha kufa. Erikson anajua hivyo, lakini yuko tayari kuitumia hata nusu ya hadithi. Mwanahistoria Roland Bainton alimkosoa kwa haki katika jambo hili. Ukali wa Hans nao unategemea maneno machache yaliyosemwa mezani miaka mingi baadaye. Kwa upande mwingine tunayo barua ya Februari 1530, ambamo Luther anamfariji baba yake mgonjwa kwa upendo mkubwa. Habari za msiba zilipomfikia mwaka huo huo, alichukua Zaburi yake, akaingia chumbani na kulia.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi. Wana wa baba wakali walikuwa maelfu katika Ujerumani. Luther alikuwa mmoja. Sababu inayowahusu wengi haitoshi kumweleza mmoja. Tena, taabu hizo hazikwisha alipoielewa Warumi 1:17. Mwaka 1527, miaka kumi baada ya zile hoja 95, alianguka kwa ugonjwa na hofu kuu hata Bugenhagen na Jonas wakaitwa kukaa naye. Kama jeraha lingekuwa chemchemi, siku hizo zingekuwa za mavuno. Kumbe zilikuwa siku za kubebwa na ndugu. Ni kweli kwamba kule Wartburg alilalamikia upweke na majaribu, na huko huko alitafsiri Agano Jipya kwa majuma kumi na moja hivi. Lakini mkononi alikuwa na Agano la Kigiriki la Erasmus, nyuma yake miaka ya kufundisha Maandiko, na baadaye Melanchthon wa kuipitia kazi pamoja naye. Kipaji kilikuwa na walimu, vitabu na marafiki. Taabu ilisafiri pamoja nacho, haikukizaa.

Msomaji aweza kutupinga: je, Luther mwenyewe hakuandika mwaka 1539 kwamba mwanatheolojia hufanywa kwa sala, kutafakari na majaribu? Aliandika. Lakini majaribu ni ya tatu katika orodha ile, nayo humrudisha mtu kwenye Neno aliloanza nalo. Hakumshauri mtu yeyote ayatafute wala ayatunze. Mwaka 1530 alimwandikia Weller, aliyeelemewa na huzuni, aukimbie upweke, atafute watu, acheze na kufanya mzaha. Mwaka 1534 alimshauri mtawala Joachim wa Anhalt apande farasi, awinde, na kufurahi na wenzake. Huyu si mtu anayeiabudu huzuni.

Inatuhusu nini?

Tunaandika haya tukiwa na deni. Miaka mingi iliyopita tulimfundisha kijana aliyesoma Kigiriki kama lugha ya mama na kuitungia kwaya nyimbo ambazo bado zinaimbwa. Alipoacha kula na kulala, tulimwita ofisini tukamsimulia habari za Luther, tukadhani tumemfariji. Hatukumpeleka kwa daktari. Muhula ulipokwisha hakurudi tena. Tulipokutana naye baadaye, akiwa mwalimu wa shule ya msingi, ametibiwa na ana afya njema, alituambia bila uchungu: "Mchungaji, nilielewa kwamba nikipona, kipaji kitaondoka." Hilo ndilo tulilomfundisha, ingawa hatukulitamka.

Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu (1 Wafalme 19), malaika hakumweleza kwamba manabii wakuu ndivyo walivyo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena. Neno la kazi lilikuja baadaye.

Hitimisho

Kitabu cha Erikson kisomwe, na kisomwe pamoja na barua za Luther mwenyewe. Lakini tusichukue kutoka humo kanuni ya kuwapimia vijana wetu. Kipaji ni karama, na taabu ya moyo ni taabu. Mwenye vyote viwili anastahili mwalimu kwa kile cha kwanza, na kwa cha pili anastahili daktari, rafiki na sala ya ndugu. Akipona, nyimbo hazitapungua.