Kilemba cha Ukoka: Uhakiki wa Mwongozo wa Skramu na Kukwama kwa Timu za Programu

Ilani ya Ajaili iliandikwa Februari 2001 na watu 17 waliokutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani. Skramu ilikuwa imekwisha kuwasilishwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland mwaka 1995. Tangu hapo kumezuka maandishi mengi, pamoja na biashara kubwa ya mafunzo na vyeti, yanayoeleza kwa nini timu hushindwa kuzitumia mbinu hizi. Maelezo hayo aghalabu ni yaleyale: timu haikufunzwa vya kutosha, mameneja hawakubadili fikra, utamaduni wa shirika ni mgumu. Uhakiki huu unashikilia kuwa maelezo hayo huanzia mahali pasipofaa. Sehemu kubwa ya tatizo imo katika matini yenyewe ya Mwongozo wa Skramu, hasa katika kile inachokichukulia kuwa tayari kipo.

Toleo la mwaka 2020 linapendekeza timu ambayo kwa kawaida ina watu 10 au pungufu, sprinti isiyozidi mwezi mmoja na kikao cha kila siku cha dakika 15. Mambo haya yanahesabika, na kwa hiyo huigwa upesi. Meneja anaweza kuagiza Jumatatu, na Jumanne watu wakawa wamesimama mbele ya ubao. Lakini toleo hilohilo linasema kuwa timu hujiamulia nani afanye nini, lini na kwa namna gani, na kwamba shirika zima halina budi kuheshimu maamuzi ya mmiliki wa bidhaa. Kauli hizi mbili ndizo zinazobeba mfumo mzima, nazo ndizo zilizoachwa bila maelekezo. Mkurugenzi aliyekwisha kumwahidi mteja tarehe ya kukabidhi kazi ataondolewa vipi mamlaka hayo, na na nani? Mwongozo umenyamaza. Timu inayoambiwa kuwa inajisimamia ilhali tarehe, bajeti na wigo wa kazi vimepangwa ghorofa ya juu imevishwa kilemba cha ukoka. Kikao chake cha asubuhi hugeuka kuwa mahudhurio.

Udhaifu wa pili ni wa kimantiki. Mwongozo unakubali kuwa inawezekana kutekeleza baadhi tu ya sehemu za Skramu, ila unasema matokeo yake si Skramu. Kwa hoja hiyo, palipofaulu sifa ni za mbinu, na palipokwama mbinu haikuwapo. Msomaji makini ataona pia kuwa matini hii, inayodai uzingativu kamili, imekuwa ikijirekebisha. Mwaka 2011 kazi ya sprinti iliacha kuitwa ahadi ikawa utabiri. Mwaka 2020 maswali matatu ya kikao cha kila siku yaliondolewa. Timu zinazokejeliwa leo kwa kukariri maswali hayo ziliyapata humohumo.

Mfano wa mpango wa Universal Credit nchini Uingereza unaonesha athari ya ukimya huo. Wizara ya Kazi na Pensheni ilinuia kuunganisha aina 6 za ruzuku kuwa malipo mamoja, na Oktoba 2013 ikatajwa kuwa wakati wa kuanza kwa mpango huo kitaifa. Wizara ikachagua njia ya ajaili. Ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Septemba 2013 ilibaini kuwa wizara haikuwa na uzoefu wa njia hiyo katika kazi kubwa kiasi hicho, na kwamba njia yenyewe iligongana na mikataba, uongozi na taratibu za udhibiti zilizokuwapo. Mifumo ya kompyuta yenye thamani ya pauni milioni 34 ilifutwa vitabuni. Ni rahisi kuisoma ripoti hiyo kama habari ya watu wasiojua ajaili. Usomaji wa karibu unaonesha jambo zito zaidi: kila chombo kilichoizunguka timu kilijengwa kudai mpango uliokamilika kabla ya kazi kuanza. Mtaalamu bora wa Skramu asingeweza kuubadili mkataba uliokwisha kutiwa saini.

Kuna mfano wa kinyume, nao husimuliwa vibaya. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilikuwa limeachana na mfumo wake wa mafaili ya kesi mwaka 2005 baada ya kutumia takriban dola milioni 170. Mrithi wake, Sentinel, nao ulichelewa mikononi mwa mkandarasi hadi shirika lilipoichukua kazi mwaka 2010, likatumia sprinti fupi na kuuzindua mfumo Julai 2012. Wapenzi wa Skramu huutaja kama ushindi wa mbinu. Huenda ni hivyo kwa kiasi. Hata hivyo, pamoja na sprinti, shirika lilipunguza nafasi ya mkandarasi, likaweka timu ndogo chini ya paa lake na kuwapa uamuzi watu waliokuwa karibu na kazi. Hatua hizo za uongozi hazimo katika dakika 15 za kila asubuhi, na usimulizi unaoziacha nje humpa msomaji orodha ya vikao pekee.