Michoro ya Dawa za Kusisimua: Yasema Nini?

Katika mji wa Mikumi, penye njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa hata Zambia, malori hupita mchana na usiku, na wayaendeshao hupigana na usingizi. Basi si ajabu kwamba habari za dawa zifukuzazo usingizi hufika upesi masikioni mwa vijana wa huko, na wa kwetu Kilosa pia. Kijana mmoja niliyepata kumfundisha alinionyesha karatasi yenye michoro miwili ya kemia. Mmoja ulikuwa wa kathinoni, ile nguvu iliyomo katika majani mabichi ya mirungi. Wa pili ulikuwa wa amfetamini, iliyotengenezwa mara ya kwanza na Lazăr Edeleanu mjini Berlin mwaka 1887. Akaniambia, “Mwalimu, tazama, hizi ni ndugu. Ikiwa hii ni majani tu, ile ina ubaya gani?”

Neno hili lataka jibu. Nami naona yafaa kuupima mchoro kama tupimavyo maandishi mengine: sifa zake ni zipi, na kasoro zake ni zipi?

Sifa ya kwanza ni ufupi. Ile pembesita ni pete ya kaboni 6, ambayo August Kekulé aliieleza mwaka 1865. Katika pete hutoka mkia mfupi, na penye mkia huo imeandikwa N, yaani naitrojeni. Kila pembe, na kila ncha isiyo na herufi, ni kaboni. Amfetamini ina kaboni 9 na haidrojeni 13. Walakini katika mchoro hakuna hata kaboni moja iliyoandikwa kwa herufi, na haidrojeni zionekanazo ni 2 tu, zilizo pamoja na naitrojeni. Ni kama maandishi ya Kiarabu yasiyotiwa irabu: ajuaye husoma bila taabu, asiyejua hubahatisha.

Sifa ya pili ni kuonyesha udugu, na hapo kijana hakukosea. Mahali penye haidrojeni 2 katika mkia wa amfetamini, kathinoni ina oksijeni 1, iliyofungwa kwa mistari miwili. Tena dopamini, mjumbe wa ubongo wetu wenyewe, ina pete na mkia wenye naitrojeni vivyo hivyo. Kwa sababu ya kufanana huko, dawa hizi hupita katika milango ya mjumbe yule na kummwaga kupita kiasi. Moyo hupiga mbio, njaa na usingizi hukimbia. Mwizi ameigiza sauti ya mwenye nyumba, naye amefunguliwa.

Sasa kasoro. Mchoro hauonyeshi kiasi. Atafunaye majani hupata kathinoni kidogo kidogo, nayo hupungua majani yanaponyauka. Unga wa kiwandani huweza kuingia mwilini wote kwa mara moja. Tena mara nyingi mchoro huficha upande. Methamfetamini ina maumbo mawili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. La kushoto limetumika Marekani katika dawa ya kuzibua pua. La kulia ndilo lenye ulevi mkali. Mchoraji asipotia kabari nyeusi au mistari ya vikatovikato, maumbo hayo mawili huonekana kuwa moja. Wala mchoro hautwambii kilichomo hasa katika pakiti ya mwuzaji.

Basi nilimjibu kijana hivi: Udugu ulioonyeshwa hapa hauusafishi unga, wayashitaki majani. Katika Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1971, kathinoni imo katika Orodha ya 1, iliyo kali kuliko Orodha ya 2 ilimo amfetamini, ambayo madaktari huitumia kwa magonjwa kadha wa kadha. Na hapa Tanzania, Sheria ya mwaka 2015 yakataza mirungi yenyewe. Hakuna “majani tu” katika habari hii.

Wapenzi wasomaji, tusiwakataze watoto wetu kuitazama michoro hiyo; tuwafundishe kuisoma mpaka mwisho. Aliyejifunza nusu ya herufi ni rahisi kudanganywa kuliko asiyejua hata moja, kwa maana yeye hudhani amekwisha kusoma.