Juu ya Nyimbo Zinazofanana

Hapa Maili Moja, kando ya njia iendayo Morogoro, wimbo mpya hausikiki siku mbili ila vijana hunena: "Huu umeibwa." Ushahidi wao ni kwamba sauti yake yafanana na ya wimbo mwingine. Twaona neno hili latupwa upesi mno, tena lamvunjia mtunzi jina lake. Nao walisemao hawakupambanua mahadhi na maneno.

Katika desturi za pwani kuazima mahadhi hakukuwa aibu. Taarabu yenyewe ilianza hivyo: Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki wa huko. Baadaye Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutia nyimbo zake katika santuri, aliimba kwa Kiswahili, na watu wakampendea maneno. Huko Mombasa Juma Bhalo alijulikana sana kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Wasikilizaji waliyatambua mahadhi, wala hawakumwita mwizi. Walikuwa wakingoja shairi. Na shairi lenye mizani nane kwa nane huingia katika mahadhi yoyote yaliyopimwa kwa kipimo hicho, ndiyo maana tenzi na mashairi mengi husikika kama ndugu.

Mdundiko wa Wazaramo, ngoma ipitayo njiani ikikusanya watu siku za arusi na za kumtoa mwali, hauna mtunzi mmoja. Singeli, iliyozuka katika mitaa ya Dar es Salaam katika miaka ya 2000, imerithi mapigo ya ngoma za namna hiyo. Nyimbo mbili zikifanana mapigo, nani aliyemwibia mwenziwe? Zote mbili zimekunywa kisima kimoja.

Lakini singeli imechukua pia vipande vya taarabu, vikakatwa na kuharakishwa. Hapo hatuwezi kuitetea vivyo hivyo. Kipande kile si mapigo ya kijiji; ni koo la mwimbaji fulani na mkono wa mpiga fidla fulani, nao aghalabu hawatajwi. Jina likiachwa, hupotea kweli. Wimbo "Malaika" uliimbwa na Miriam Makeba, tena na Boney M, ukajulikana duniani kote. Lakini Fadhili William wa Kenya aliyeutia katika santuri, na Adam Salim wa Tanzania, kila mmoja ametajwa kuwa ndiye mtunzi, na ubishi ule umewapita wote wawili hai. (Tena ni wimbo wa mtu aliyekosa mahari kwa kukosa fedha!)

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi, wala haikuzisahau sanaa za jadi. Basi atakayetuletea nyimbo mbili tuzihukumu, twamwomba aandike kwanza maneno ya kila mmoja kando kando, kisha atuambie ni koo la nani lisikikalo ndani yake.